Ifo: Kazi za Mikono na Usafi kwa Wasiopatana na Hesabu

Kazi nyingi zinazoiendesha kambi ya wakimbizi ya Ifo, iliyo kilomita chache kaskazini mwa mji wa Dadaab katika Kaunti ya Garissa, Kenya, hazimuulizi mtu alipata alama ngapi katika hisabati. Kuchimba choo, kupiga deki wodini, kufua nguo za watu, kupakua magunia, kuendesha mkokoteni wa punda, kukata mathenge, kusugua masufuria ya hotelini, kubeba zege kwa karai: zote hutaka mwili wenye nguvu, jicho linaloona uchafu na mkono uliokizoea chombo chake. Mtu ambaye tarakimu humtoa jasho kuliko jua la saa nane anaweza kupata riziki hapa bila kushika kalamu. Lakini si kweli kwamba kazi hizi hazina hesabu ndani yake. Hesabu imo, ila imekwisha kufanywa na mtu mwingine na kuwekwa ndani ya kijiko, kopo, kamba au rangi ya ndoo. Mfanyakazi hukabidhiwa jibu, si swali. Ni mahali pamoja tu ambapo hawezi kumwachia mwingine hesabu, napo ni siku ya malipo.

Wasiopenda hesabu hawafanani. Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre wa Somalia kuanguka Mogadishu na vita kuwasukuma watu kuvuka mpaka. Kambi za Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Zote tatu kwa pamoja zilipangwa kwa watu 90,000, na ulipofika mwaka wa ukame na njaa wa 2011 wakazi wa kambi za Dadaab walikaribia nusu milioni. Wengi wa waliofika wakiwa watu wazima walitoka mashambani na malishoni kusini mwa Somalia, ambako shule zilifungwa vita vilipoanza au hazikuwapo kabisa. Hao hawachukii hesabu, ila hawakufundishwa kuiandika. Mfugaji miongoni mwao hutambua upesi kwamba mbuzi mmoja hakurudi zizini, kwa kuwa anawajua kwa sura na rangi. Wengine ni vijana waliosoma kambini, katika madarasa yaliyofurika, wakaliogopa somo hilo tangu siku walipochekwa ubaoni. Halafu wapo wachache wasiozungumzwa sana: watu ambao ubongo wao haushiki tarakimu hata wakifundishwa vizuri. Hali hiyo huitwa diskalkulia, na wataalamu wengi hukadiria kuwa inawapata kati ya watu 3 na 7 katika kila 100, wakiwemo wenye akili kali katika mambo mengine yote. Mtoto wa namna hiyo huitwa mzembe, na ni dhuluma kumwita hivyo.

Pana pia hesabu ya kichwani na hesabu ya karatasini, na mtu anaweza kuimudu moja akashindwa na nyingine. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi waliofanya Recife, Brazili, kwa watoto wachuuzi wa barabarani. Wakiwa kwenye biashara yao, watoto hao walijibu sawasawa asilimia 98 ya maswali ya bei na chenji. Hesabu hizo hizo zilipowekwa karatasini kama tarakimu tupu, bila nazi wala mnunuzi, walipata asilimia 37 tu. Mwanamke wa Ifo anayejua pasipo kusita nguo za familia tatu zitamletea kiasi gani, kisha akaganda mbele ya fomu, yumo katika hali iyo hiyo. Si mtu asiyeweza kuhesabu. Ni mtu ambaye hesabu humjia kwa njia ya vitu.

Kazi yenyewe hupatikana kwa milango miwili. Wa kwanza ni mashirika yanayosimamia hospitali, maji, vyoo na shule, chini ya uratibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya serikali ya Kenya. Mkimbizi anayefanya kazi humo huitwa mfanyakazi wa insentivu. Anacholipwa huhesabiwa kuwa posho, si mshahara. Mashirika yamekubaliana viwango vyake yasinyang'anyane watu, na viwango hivyo ni vidogo mno vikilinganishwa na mshahara wa Mkenya aliye katika shirika hilo hilo. Utaratibu huo ulitokana na kibali cha kazi ambacho mkimbizi alitakiwa kuwa nacho, na ambacho ni wachache sana waliokipata. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi nafasi ya kuajiriwa na kufanya biashara, lakini kutoka kambini kwenda mbali bado kunahitaji ruhusa, na wengi wamebaki katika insentivu. Mlango wa pili ni watu binafsi: wenye maduka, hoteli, mifugo na nyumba. Huko hakuna fomu. Kazi hutolewa asubuhi, hulipwa jioni, na jina lake ni kibarua.

Katika kazi zote za usafi, ya hospitali ndiyo inayotaka maarifa mengi zaidi. Mhudumu wa usafi huanza penye usafi na kumalizia penye uchafu: chumba cha dawa kwanza, wodi ikifuata, choo mwisho. Hufuta kuanzia juu kwenda chini ili vumbi liangukie mahali ambapo bado hapajafutwa. Hafagii kwa ufagio mkavu, kwani vumbi jepesi la Ifo hupanda likatua juu ya vidonda na mashuka. Hupiga deki kwa kitambaa au dekio lililoloweshwa. Ndoo huwa zaidi ya moja, ya sabuni, ya kusuuzia na ya dawa, na maji yakigeuka rangi humwagwa hata kama foleni ya bombani ni ndefu.

Dawa hiyo ni klorini, na hapo ndipo tarakimu zinapojitokeza. Miongozo ya kupambana na kipindupindu inataka maji ya kunawia mikono yawe na klorini asilimia 0.05, ya sakafu na vitanda asilimia 0.2, na ya kumwagia matapishi na kinyesi asilimia 2. Nukta ikikosewa, madhara hayakawii. Dawa nyepesi humwacha kijidudu hai, na dawa kali huunguza ngozi na kifua. Hata hivyo mhudumu hahitaji kukokotoa asilimia yoyote. Unga wa klorini unaotumiwa sana katika kambi una nguvu ya asilimia 70, na kijiko kimoja cha chakula, kikijazwa na kusawazishwa mdomo, hubeba takriban gramu 15. Kijiko kimoja katika jerikani la lita 20 ni maji ya mikono. Vijiko viwili katika ndoo ya lita 10 ni maji ya sakafu. Vijiko viwili katika lita moja ya maji ni dawa ya matapishi. Anayeyashika hayo matatu, na asiyebadilisha kijiko, hufikia jibu lile lile la mkemia. Ndoo zikipakwa rangi tofauti, au zikichorwa mkono, ufagio na choo, hata asiyesoma herufi moja hakosei.

Klorini ina masharti mengine yasiyo ya hesabu ila ni ya lazima. Huchanganywa kwa maji baridi, mahali penye hewa, na glavu mkononi. Hutengenezwa upya kila siku na kuwekwa kivulini, maana jua huila nguvu yake. Sakafu huoshwa kwa sabuni kwanza, kwa sababu klorini hushindwa penye uchafu mzito. Na kamwe haichanganywi na dawa nyingine za kusafishia, hasa zenye asidi au amonia, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kuua. Msimamizi anayemwonyesha mfanyakazi mpya mambo haya kwa vitendo, mara mbili au tatu, amefanya zaidi ya yule anayebandika karatasi ukutani.

Taka za hospitali nazo hutenganishwa kwa rangi. Katika utaratibu wa Kenya, pipa jeusi ni la taka za kawaida kama mabaki ya chakula na karatasi. La manjano ni la taka zenye maambukizi, kama bandeji na pamba zilizoguswa na damu. Jekundu ni la zile za hatari zaidi, zikiwemo sehemu za mwili kutoka chumba cha upasuaji na cha kujifungulia. Sindano na wembe huingia katika sanduku gumu lisilotobolewa, nalo hufungwa likijaa robo tatu, pasipo mtu kulishindilia. Robo tatu ni sehemu ya hesabu, lakini masanduku mengi yana mstari uliochorwa, na mhudumu hutazama mstari.

Thamani ya kazi hii ilionekana mwishoni mwa mwaka 2015, kipindupindu kilipoingia Dadaab na kuwalaza mamia ya watu, na tena kuanzia Oktoba 2022. Katika wodi ya kipindupindu daktari hutundika chupa ya maji ya mshipa, lakini anayenyunyizia dawa nyayo za kila aingiaye na atokaye, anayebeba ndoo iliyo chini ya kitanda na kuosha kitanda mgonjwa anapotoka, ni mhudumu wa usafi. Yeye ndiye anayeuzuia ugonjwa usimfuate jamaa hadi nyumbani. Kumweka mtu huyo chini kabisa katika orodha ya malipo na kumpa glavu zilizotoboka ni kosa, na mashirika yanayofanya hivyo hayana la kujitetea.

Shule, ofisi na misikiti huhitaji watu wa usafi pia, na kazi huko ni nyepesi zaidi: kufagia, kumwagilia ua ili vumbi litulie, kukunja na kukung'uta mikeka, kuosha mahali pa kutawadhia. Saa za kazi hufuata swala, na asiyejua kusoma saa hapotei.

Kazi ya vyoo ni ngumu kuliko zote, na Ifo haijawahi kukosa haja nayo. Choo cha shimo hujaa, hufukiwa, na kingine huchimbwa. Mvua kubwa huiongeza kazi hiyo maradufu. Mafuriko ya Novemba 2006 yaliikumba Ifo vibaya, yakabomoa vyoo na kuchanganya vilivyomo na maji ya mtaani, na mvua za mwishoni mwa 2023 na za mwaka 2024 zikarudisha balaa. Kila baada ya mafuriko huja msimu wa vibarua: kufukia mashimo yaliyotitia, kujaza mchanga katika magunia, kuzibua mifereji, kuchimba upya kwenye ardhi ya juu. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka choo kimoja kwa watu 20, kikae angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 au zaidi juu ya maji hayo. Mchimbaji hana haja ya kuzikumbuka tarakimu hizo. Fundi humpa fremu ya mbao ya kulaza chini na kuchora mdomo wa shimo, na ufito uliokatwa kwa urefu wa kina kinachotakiwa. Ufito ukisimama shimoni na ncha yake ikalingana na ardhi, kazi imekwisha.

Anachopaswa kukijua kwa moyo ni hatari. Penye mchanga mwingi kuta za shimo huporomoka, kwa hiyo hujengewa kadiri mtu anavyoshuka, na udongo uliotolewa humwagwa mbali na ukingo ili uzito wake usiurudishe shimoni. Mtu hachimbi peke yake. Mmoja huwa chini na mwingine juu, akiwa na kamba. Shimo la zamani halishukiwi kabisa bila vifaa, kwa sababu gesi iliyotuama humo humzimisha mtu kabla hajapiga kelele. Gamubuti, glavu nzito na maji ya kunywa si anasa katika kazi hii. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga mahali penye hatari, na kibarua wa choo anayo haki ya kukataa kushuka asipopewa.

Ujenzi, au mjengo kama wanavyouita watu, unamfaa sana asiyependa hesabu akianza kama mtu wa mkono. Fundi hupima na kukadiria. Mtu wa mkono huchanganya, hubeba na kuosha vifaa. Zege la kawaida la bamba la choo au msingi ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kwa maneno ya kazini ni karai moja, karai mbili, karai nne, na karai hupigwa mdomo ili zilingane. Maji humiminwa kidogo kidogo hadi mchanganyiko ushikane bila kutiririka, na hilo hujulikana kwa koleo, si kwa lita. Watu wa pwani wamepima hivyo kwa chombo miaka mingi. Wachumaji wa karafuu Unguja na Pemba wamelipwa kwa pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na katika masoko ya Kenya mahindi bado hupimwa kwa gorogoro. Chombo kimoja kilichokubaliwa na wote huondoa ubishi wa kilo, mradi anayekishika asikibonyeze kitako.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwenye mgao wa chakula. Nafaka na unga viligawiwa kwa makopo yaliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na mgawaji alihesabu makopo tu. Tangu mwaka 2016, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoleta Dadaab utaratibu wa Bamba Chakula, sehemu ya mgao ilihamia kwenye simu, na kazi nyingi zikahamia madukani. Duka hutaka mpakuzi, na mpakuzi wa Ifo ni hamali mwenye wilbaro au mkokoteni. Sukari, mchele, pasta na maziwa ya unga hushuka kwenye lori na kusambazwa bloku kwa bloku. Mwandishi Mwingereza Ben Rawlence, katika kitabu City of Thorns kilichotoka mwaka 2016, alieleza maisha ya kijana wa Ifo aliyeishi kwa kusukuma wilbaro, na picha hiyo haijapitwa na wakati.

Mwenye punda yuko juu kidogo ya mwenye wilbaro. Mkokoteni wake hubeba maji, kuni, mawe, wagonjwa na wakati mwingine mizigo ya harusi. Malipo ni kwa safari, kwa bei inayojulikana mtaani, kwa hiyo hesabu ya siku ni fupi. Hesabu ndefu ni ya punda mwenyewe: majani, maji, kwato, kidonda cha begani. Punda asiyepumzishwa mchana hulala siku atakayohitajika zaidi, na mwenye mkokoteni aliyepuuza kidonda hicho hupoteza kazi pamoja na mnyama.

Mathenge, mti wa miiba ulioletwa kaskazini mwa Kenya kuzuia jangwa, umeenea Garissa hadi kufunga njia na kumeza malisho, na kuukata ni kibarua kinachopatikana mwaka mzima. Matawi yake hufaa kwa kuni, mkaa, ua na nguzo za vibanda. Mwiba wake hupenya kandambili na jeraha lake huvimba, kwa hiyo kiatu kigumu ni sehemu ya zana kama panga lilivyo. Kuni zina historia chungu Ifo. Wanawake waliozifuata msituni walivamiwa na kubakwa, na mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa kugawa kuni, kwa fedha za Marekani, ili safari hizo zipungue. Mwanamke anayepewa kibarua cha kukata au kukusanya kuni aende na kundi, na anayemtuma peke yake mbali na kambi amehatarisha maisha ya mwanamke huyo.

Kufua na kusaidia nyumbani ni kazi za wanawake wengi, na ndizo zinazolipa kidogo kuliko zote. Bei hupatanwa kwa beseni au kwa nguo za familia moja, na kutoelewana hutokea hapo hapo, kwa sababu beseni la mwenye nyumba huwa kubwa kuliko lililotajwa. Anayefua hufanya vyema kuziona nguo zote kabla ya kukubali bei. Kutenganisha nyeupe na za rangi, kuloweka kabla ya kusugua, kusuuza mpaka povu liishe na kuanika nguo ndani nje ili jua lisizipaushe ni ujuzi unaompa mtu wateja wa kudumu. Katika vibanda vya maziwa ya ngamia pana kazi ya kuosha vyombo inayostahili malipo bora kuliko inavyopata. Jerikani la plastiki lenye shingo nyembamba haliingizi mkono, ukungu hubaki kwenye kona zake, na maziwa ya siku nzima huharibika.

Dharau inayoziandama kazi hizi ina mizizi mirefu. Katika jamii ya Wasomali, uhunzi na utengenezaji ngozi viliachiwa koo zilizobaguliwa, na kulima, kuchimba na kufua viliachiwa mara nyingi Wabantu wa Somalia, ambao wengi wao ni wazao wa watu walioletwa utumwani katika karne ya 19 kutoka sehemu zilizo leo Tanzania, Msumbiji na Malawi. Baadhi yao wamehifadhi Kizigua mpaka leo. Kambini walijenga nyumba za wengine na kuchimba vyoo vya wengine, na walilipwa kidogo. Mwaka 2002 zaidi ya 10,000 kati yao walihamishwa kutoka Dadaab hadi kambi ya Kakuma ili wakasubiri safari ya Marekani. Walipofika huko, wengi walianza tena na kazi za mikono, na pamoja na Wasomali wengine waliotoka Dadaab wamekuwa wakisafisha vyumba vya hoteli na kukata nyama katika viwanda vya miji kama Garden City, Kansas, na Grand Island, Nebraska. Watoto wa watu hao hao wamesoma vyuo vikuu. Anayemcheka mwenye ufagio wa Ifo angefikiria ni nani aliyelipa karo hizo.

Nje ya kambi, mji wa Garissa una soko kubwa la mifugo, na pembezoni mwa Mto Tana kuna mashamba ya ndizi, maembe na vitunguu yanayotaka watu wa kupalilia, kumwagilia na kuvuna. Serikali nayo iliwahi kuajiri vijana kwa usafi. Mpango wa Kazi Mtaani ulianza mwaka 2020 wakati wa korona, ukawapa kazi ya kufagia mitaa na kuzibua mitaro, na awamu yake ya pili ikafika kaunti zote 47 kwa malipo ya shilingi 455 kwa siku. Ulikwisha, lakini ulionyesha kwamba usafi wa mji ni kazi ya kulipwa, na si adhabu ya wasio na shule.

Yabaki malipo. Hapa asiyependa hesabu hana budi kujizatiti, maana anayepunja kibarua humchagua yule asiyeuliza. Jambo la kwanza ni kukubaliana kabla ya kuanza, mbele ya shahidi, kama malipo ni kwa siku, kwa safari, kwa gunia au kwa shimo zima. La pili ni kuweka alama ambayo haitegemei kumbukumbu. Hamali anayetia kokoto mfukoni kwa kila gunia, au anayepewa kijiti na mwenye duka, jioni huweka kokoto zake mezani na ubishi huisha. Anayelipwa mwisho wa mwezi achore mstari ukutani kila siku ya kazi. Noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina ukubwa tofauti na picha tofauti mgongoni: ya 100 ina kilimo, ya 500 ina wanyamapori, ya 1,000 ina majengo ya Bunge. Anayezijua picha hizo hapewi ya 500 akaambiwa ni ya 1,000.

Simu ni hatari zaidi kuliko noti. Malipo mengi sasa huingia kwa M-Pesa, na wengi wasiopenda tarakimu humkabidhi kijana wa dukani simu pamoja na namba ya siri ili awasomee. Namba hiyo ina tarakimu nne tu, na hizo nne ni lazima mtu azijifunze mwenyewe, hata kwa mwendo wa kidole kwenye vitufe, na asimtajie yeyote. Akihitaji msaada wa kusoma ujumbe, ampe mtoto wake au jirani anayemwamini ujumbe asome, lakini kidole cha kubonyeza siri kiwe chake.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imemkumbuka mtu wa namna hii kuliko wengi wanavyodhani. Kibarua wa siku anatakiwa kulipwa siku hiyo hiyo jioni. Kazi inayofikia miezi mitatu inatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi. Asiyejua kuandika anaweza kuweka alama ya kidole gumba, mbele ya mtu asiye mwajiri wake, na asiyeielewa lugha ya mkataba au asiyejua kusoma ana haki ya kuelezwa yaliyomo kwa lugha anayoijua. Karatasi inayowekwa gumba kabla ya kusomwa kwa Kisomali, Kiswahili, Kioromo au lugha nyingine ya mfanyakazi imekiuka sheria hiyo.

Anayetaka kusogea mbele kidogo ana njia. Tangu mwaka 2007 shirika la Norwegian Refugee Council limeendesha Dadaab mafunzo ya vijana waliokosa shule, ambamo ufundi hufundishwa pamoja na kusoma, kuandika na hesabu. Mpango wa namna hiyo humfaa aliyeshindwa darasani, kwa sababu hesabu huja ikiwa imeshikamana na tofali, nguo au bomba. Mtu wa mkono anayejifunza kupima kwa futi anakuwa fundi, na fundi hulipwa zaidi ya mtu wa mkono. Asiyetaka kufika huko halazimiki. Kusafisha wodi vizuri kwa miaka kumi ni kazi kamili.

Wanaoajiri Ifo, wawe mashirika au wenye maduka, wanaweza kufanya mambo matatu wiki hii hii bila kungoja mfadhili: wapake ndoo za klorini rangi, wamnunulie mchimbaji gamubuti na kamba, na wataje malipo kwa lugha ya mfanyakazi kabla hajainama kushika chombo.